Bibi amerudi nyumbani ila akili bado iko njiani

Maswali ya wasomaji, anajibu Shangazi Nesi

Barua za mwezi huu zimefanana, wazee wameruhusiwa hospitali lakini watu wa nyumbani wanasema huyu siye tuliyempeleka. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake karibu kila kitu kimo humo, zengine nitapita haraka.

SWALI: Shikamoo shangazi. Naandika kutoka Langoni, Lamu. Bibi yangu mzaa mama ana miaka 79, alianguka bafuni akavunjika nyonga tukampeleka Mombasa akafanyiwa operesheni. Ilienda vizuri lakini siku ya pili yake akaanza kuweweseka, anachomoa dripu, anaita watu waliokufa zamani, anasema manesi wanataka kumtilia sumu. Daktari akasema ni deliriamu, yaani akili kuvurugika ghafla kwa sababu ya ugonjwa, na itaisha. Sasa yuko nyumbani wiki ya pili. Mchana kuna wakati yuko sawa kabisa mpaka anauliza bei ya samaki, ikifika magharibi anabadilika, anataka kushuka ngazi aende bandarini eti babu anamngoja chomboni na babu alifariki 2009. Akilala anasema kuna watu wanamchungulia kwenye zidaka, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vyombo. Jirani mmoja anasema azinguliwe kwa kusomewa Qurani, mwengine tumnunulie dawa ya usingizi, mjomba anasema usiku tumfunge na leso asije akaanguka tena. Na wageni hawaishi tangu asubuhi mpaka isha. Tufanyeje, na je atarudi kama zamani? Mjukuu, Langoni.

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana, na mamako mpe pole yangu peke yake, manake mzazi wako akikutazama kama mgeni ni mtihani mkubwa.

Nianze na hilo la mwisho. Wengi wanarudi. Lakini si kwa siku mbili tatu, mzee wa umri wake aliyevunjika nyonga anaweza kuchukua wiki kadhaa, wengine miezi, na wako wanaobaki na usahaulifu ambao haukuwepo, au ulikuwepo kidogo kidogo na hakuna aliyeugundua kwa sababu nyumba yake alikuwa ameizoea hata gizani anapita. Huko kupanda na kushuka, asubuhi anauliza bei ya changu na magharibi hamjui mtoto wake, ndo tabia yenyewe ya huu ugonjwa. Hajifanyi. Usimpime kwa saa, mlinganishe Ijumaa hii na Ijumaa iliyopita hapo ndo utaona kama anasogea.

Na muelewane nyote nyumbani kwamba huu ni ugonjwa wa mwili umegonga kichwani. Ubongo wa mzee hauna akiba kubwa, ukiuongezea maumivu, damu iliyopotea, dawa ya nusu kaputi, vidonge vikali vya maumivu, mpira wa mkojo, usiku wa wodini taa zinawaka na watu wanaita, miwani imeachwa Lamu, unazidiwa. Mara nyingi si kitu kimoja, ni mrundikano, kwa hivo na kupona kwake ni kuupunguza huo mrundikano kimoja kimoja.

Sasa wageni, na hapa mtanisamehe watu wa Lamu. Kumtazama mgonjwa ni ibada na hakuna anayeikataa, ila tazameni inavofanyika. Mtu anaingia, anamuinamia bibi mpaka puani, kwa sauti ya juu: "Bibi! Wanijua? Hebu nambie mimi nani?" Bibi anamtazama, anatafuta jina halipati, chumba kizima kimenyamaza kinangoja, mwengine anadakia "si mtoto wa fulani huyu bibi jamani", watu wanacheka kidogo, hajapumua anaingia wa pili na swali lile lile. Mpaka alasiri ameshafelishwa mara chungu nzima mbele za watu. Mtu mwenye kichwa kizima angechoka na kukasirika, sembuse yeye.

Fanyeni hivi. Wageni wapokelewe chini dakani, pale kibarazani mlangoni, wapewe kahawa yao na salamu zao zichukuliwe, wanaopanda wapande wawili wawili, dakika kumi, na baada ya alasiri hapandi mtu. Anayeingia ajitaje mwenyewe kabla ya lolote: "Shikamoo bibi, ni mimi fulani, mtoto wa jirani yako wa nyumba ya mbele, nimekuletea tende." Hapo amempa jina, amempa mahali, amempa na cha kuzungumza. Akae upande ambao bibi anamuona, aseme jambo moja, angoje, ubongo huu unachelewa kujibu si kwamba hausikii. Watakaonuna kwa kuzuiliwa waambieni Shangazi wa gazetini ndo aliyekataza, mimi siogopi lawama.

Hao watu wa kwenye zidaka nao wana maelezo. Chumba cha ndani cha nyumba ya mawe hakina dirisha, usiku kuna taa moja kwenye kona, kila kidaka kina kivuli chake na ndani yake bakuli au chupa inametameta, na bibi hana miwani. Macho yanaleta nusu picha na ubongo uliochoka unajaza sura ya mtu. Mkiweza mhamisheni alale msana, kile chumba cha mbele kinachopata mwanga wa kiwanda, yaani ua wa ndani. Mkishindwa, toeni vile vyombo zidakani, kioo kifunikwe, na muweke taa ndogo ya kuwaka usiku kucha mpaka njia ya chooni. Miwani itafutwe ipanguswe. Masikio yaangaliwe kama yameziba nta, na kama ana meno ya bandia arudishiwe, mzee asiyeweza kutafuna hali, na asiyekula akili hairudi haraka.

Kuhusu babu na chombo chake. Kuna makosa mawili watu wanafanya. La kwanza ni kumkatiza, "bibi babu alikufa zamani!", kwa nyinyi ni habari ya 2009 kwake yeye anafiwa usiku huo huo, na kesho tena anafiwa upya. La pili ni kumdanganya, haya twende, mkamzungusha hapo mlangoni mkamrudisha, akigundua hakuamini tena. Mjibu ile hofu yake, usibishane na maneno. "Naona una wasiwasi bibi. Ni mimi mjukuu wako, uko nyumbani kwako Langoni, saa hii ni usiku. Hebu nambie, hicho chombo cha babu kilikuwa kikienda wapi?" Ataanza kuhadithia na mara nyingi anatulia hapo hapo. Halafu uangalie kilichomuamsha, mzee anayehangaika kutaka kutoka usiku mara nyingi kabanwa na mkojo, au mguu unauma na hajui kusema unauma, au ana njaa. Akikuuliza mchana yuko mtulivu, babu yako amekufa kweli? mwambie kweli, taratibu, ukae naye.

Mchana uwe mchana na usiku uwe usiku, hili ni kubwa kuliko mnavofikiri. Asubuhi avalishwe nguo za mchana aoshwe uso akae kitini mahali penye jua la asubuhi, asishinde kitandani. Lamu mna saa isiyohitaji betri, kila adhana ikilia mtu amwambie "hiyo adhuhuri bibi, leo Jumanne, wali unapakuliwa". Atembezwe na ile fremu kama alivoonyeshwa na wa fiziotherapia, hatua chache mara kadhaa kwa siku. Usingizi wa mchana mfupi. Kahawa tungu iishie asubuhi, na baada ya isha televisheni izimwe na sauti za WhatsApp zikasikilizwe chumba chengine.

Mtasema haya mambo madogo shangazi tulitaka dawa. Mwaka 1999 daktari Sharon Inouye na wenzake wa Yale kule Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 852 wa miaka 70 na kuendelea waliolazwa, kundi moja likapewa mambo haya haya, kukumbushwa siku na mahali, kutembezwa, kunyweshwa maji, miwani na masikio kuangaliwa, usingizi kulindwa bila vidonge. Waliopata deliriamu kwenye kundi hilo ni asilimia 9.9, na kwenye kundi lililopewa matibabu ya kawaida ni 15. Hao walikuwa wanakingwa wasiipate na bibi ameshaipata, lakini vitu vinavousumbua ubongo ni vile vile, na dawa ya kidonge ya kuimaliza deliriamu haipo, kinachotibiwa ni kilichoileta.

Maji basi. Usimuulize "utakunywa maji?" atakwambia la. Mpe mkononi, kikombe kidogo, kila mkipita: chai, uji, supu ya samaki, dafu (akiwa na ugonjwa wa figo au moyo muulizeni daktari kwanza kiasi gani). Mkojo ukiwa wa rangi nzito hajanywa vya kutosha. Choo nacho msione haya kukiulizia, vidonge vikali vya maumivu vinafunga choo na tumbo lililofunga siku nne linatosha kumrudisha mzee kwenye kuweweseka, papai na maji na kutembea vinasaidia, visiposaidia kuna dawa ya kulainisha. Ila maumivu yenyewe msiyaache eti mnaogopa vidonge, maumivu pia yanavuruga akili, muulizeni daktari kipi kinamfaa na kwa muda gani.

Dawa ya usingizi ya kemia, yaani ya duka la dawa, hapana. Valium na jamaa zake, na hata hizi za mafua zinazolevya kama Piriton, zinaivuruga akili ya mzee zaidi na zinamuangusha. Lakini kama kulikuwa na dawa aliyokuwa akiitumia miaka msiikate ghafla nyinyi wenyewe, kukata ghafla nako kunaleta kuweweseka. Tieni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata za mitishamba, mumpelekee daktari azipitie.

Leso ya mjomba, hapana tena, na mwambie kwa heshima. Anayefungwa anapigana, akipigana anaumia, anaanguka na kitanda, na ile hofu ya kufungwa inabaki hata akishapona. Mtu alale chumba kimoja naye mpeane zamu, kitanda kisiwe juu, mikeka inayoteleza iondolewe, ngazi iwekewe kizuizi juu.

Kuzinguliwa sina ugomvi nako. Sauti ya Qurani ya mtu anayemjua, taratibu, wazee wengi inawatuliza kuliko chochote. Ila asifukizwe mpaka chumba kikajaa moshi, asipigiwe kelele, kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa zikaoshwa, isichukue nafasi ya dawa zake, na asiambiwe ana shetani. Anasikia.

Jambo ambalo halingoji kesho: amekuwa akisogea mbele halafu ghafla kwa siku moja anaharibika. Hapo kuna kitu kipya, mkojo una maambukizi, kifua, kidonda cha operesheni, malaria, sukari imeshuka, chumvi mwilini haiko sawa. Akiwa na homa, anahema, hajakojoa tangu asubuhi, haamki vizuri, mdomo umekwenda upande, mguu mmoja umevimba, au ameanguka akagonga kichwa, mpelekeni hospitali ya King Fahd hapo Lamu saa hiyo hiyo hata iwe usiku. Wale wanaoishi Pate na visiwa vyengine mjue mapema boti ni ya nani na namba yake ya simu iko wapi.

SWALI: Shangazi, baba yangu ana miaka 81, tuko Barani Malindi. Alilazwa kwa nimonia akawa anapayuka usiku. Tangu arudi alhamdulillahi ametulia, hasumbui mtu, analala tu siku nzima, ukimuamsha anajibu neno moja anarudi kulala. Chakula kidogo sana. Vidonge vya sukari anapewa kama kawaida. Watu wanasema aachwe apumzike. Ni sawa? Binti yake, Malindi.

JIBU: Si sawa mwanangu, na barua yako ndo iliyonitia wasiwasi kuliko zote. Deliriamu ina sura mbili kubwa, ile ya kelele ambayo kila mtu anaiona, na hii ya kimya ambayo inapita kwa sababu haimsumbui mtu, watu wanashukuru ametulia. Ya kimya mara nyingi ndo mbaya zaidi, mtu hali, hanywi, hajigeuzi, anapata vidonda na kifua kinarudi.

La haraka ni hivyo vidonge vya sukari. Baadhi yake vinashusha sukari hata kama mtu hajala kitu, na sukari ikishuka mtu analala hivo hivo unavosema. Apimwe sukari leo, mashine ziko kemia nyingi, ikiwa iko chini na anaweza kumeza vizuri mpeni chai yenye sukari au juisi na mumkimbize hospitali, asipoamka msimtie kitu mdomoni mtamsakama. Hata ikitoka sawa, baba apelekwe leo, wampime hewa ya oksijeni, kifua, malaria, mkojo, na wapitie dawa.

Mkisharudi nyumbani, kila asubuhi na jioni mwambie akutajie siku za wiki kwa kurudi nyuma, Jumapili, Jumamosi, Ijumaa, kama mchezo tu. Mtu ambaye akili imetulia anafika mwisho au karibu, aliyezama anapotea siku ya pili ya tatu au anasinzia katikati. Mara mbili kwa siku inatosha, msimfanyie mtihani. Na kumlisha ni akiwa macho, amekaa wima, kijiko kidogo kidogo.

SWALI: Mamangu alipokuwa anaumwa alinishutumu mbele ya watu eti nimemuibia dhahabu zake nikauze. Sasa amepona lakini hanitazami usoni, na nikiuliza ananyamaza. Sijui anakumbuka au bado hayuko sawa. Mimi bado nimeumia shangazi. Shela, Lamu.

JIBU: Inaelekea anakumbuka. Wengi wanakumbuka vipande, na wanaona aibu kubwa au wanaogopa wamepata wazimu. Wengine wanakumbuka ile hofu tu bila kisa, usiku wanaota. Anza wewe, mkiwa wawili, na usianze na dhahabu: "Mama ulipokuwa na homa ulikuwa ukiona mambo, daktari alisema ni ugonjwa, huwapata wazee wengi na hutoka. Hakuna aliyekuchukulia ubaya." Halafu umuache. Akitaka kuuliza atauliza, asipotaka usimlazimishe. Dhahabu mtoe mkaitazame pamoja siku yengine, aione kwa macho yake, kumaliza.

Ila nyumbani msikifanye kisa cha kuchekea kwenye harusi, nimesikia watu wanamuigiza mama yao mbele yake na yeye anacheka nao huku ndani anaungua. Na wewe nawe umeumia kweli, tafuta mtu umwambie, dada yako au rafiki, kwani ulitukanwa na mamako ukaendelea kumuosha na kumlisha, hilo si jambo dogo. Akiendelea kutolala au kulia kwa wiki kadhaa arudi kwa daktari, kuna msaada wa hilo.

SWALI: Nyanya yangu aliweweseka mwaka jana alipopata maambukizi ya mkojo, akapona. Mwezi ujao ana operesheni ya mtoto wa jicho hapa Malindi na familia inataka kuahirisha, wanaogopa itarudi. Unasemaje? Mjukuu wa kiume, Malindi.

JIBU: Hofu yao ina msingi, aliyewahi kupata ni rahisi kupata tena, lakini kwa hili la jicho mimi singeahirisha. Operesheni ya mtoto wa jicho kwa kawaida ni fupi, inafanywa kwa ganzi ya jicho tu mtu yuko macho, na mara nyingi anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Halafu kuona vizuri kunamkinga, si unaona hapo juu habari za zidaka.

Cha kufanya, mwambieni daktari wa macho mapema, si asubuhi ya operesheni, kwamba mwaka jana aliweweseka, na muulize kama anaweza kufanyiwa bila dawa ya kumlegeza. Mpeleke na orodha ya dawa zake. Akae naye mtu anayemjua mpaka pale watakaporuhusu. Asikae na njaa na kiu kuliko alivoambiwa. Na ule usiku wa kwanza jicho moja likiwa limefunikwa asilale peke yake chumbani, lile jicho la pili kama nalo halioni vizuri atakuwa gizani kabisa, kwa hivo mtu alale hapo, taa ndogo iwake, na awe anajua kabla hajalala kwamba jicho limefungwa na kesho litafunguliwa.